Sakafu Isiyokunywa Maji

Habari za kifo cha Fundi Shee zilinifikia kwa simu, Jumatatu asubuhi, nikichambua mchele jikoni. Aliyepiga ni binti yake, kutoka Kizingitini, sauti imemkauka kwa kilio. "Bi Zuhura, baba ametangulia. Alituusia, siku yake ikifika, wewe uambiwe." Nilichosema kwanza si innalillahi. Mungu anisamehe, kilichonijia moyoni ni neno moja: afadhali. Halafu nikaona haya, peke yangu na ungo wangu, nikasema yale yanayopasa kusemwa, nikauliza wanazika saa ngapi, nikampa pole. Niliporudi kwenye mchele niliuchambua mpaka haikubaki hata chuya moja. Shee alikuwa fundi wa vigae. Aliondoka Lamu zamani na jina baya, akarudi kwao Pate kuzamia kamba, na watu wa mtaa wetu wa Mkomani wenye umri wangu ukiwatajia jina lake mpaka leo wana lao la kusema. Jina lile baya lilitoka wapi, tulijua watu wawili. Sasa nimebaki mmoja. Msinipe pole. Nataka kuusema mwaka ule wote, na nikianza kujihurumia mnikatize.

Nilikuwa nimemaliza shule. Nilikuwa na cheti na kiburi, na kiburi ndicho kilichokuwa kikubwa zaidi. Nilivyofika kulelewa na Bibi ni hadithi ya watu wengine, siisemi hapa. Tulikaa wawili, mimi na Bibi, Bi Rukia, katika nyumba ya mawe isiyo na ghorofa, Mkomani, kuta nene za chokaa, sakafu ya chokaa, ua mdogo wenye mti wa asumini uliokonda. Ukitoka uani unapita msana, chumba kirefu tulichokuwa tukikaa, halafu nyuma yake chumba cha kulala, halafu nyuma kabisa, gizani, nyumba kati. Mgeni akiuliza hiki chumba cha nini, anajibiwa cha kuwekea vitu. Kweli palikuwa na mitungi na mikeka. Lakini kazi yake hasa ilikuwa mbili: wanawake wa nyumba ile walizalia pale, na walipokufa walioshewa pale.

Na hii ndiyo iliyokuwa kazi ya Bibi. Alikuwa mwosha. Mwanamke akifa Mkomani, kabla hata kilio hakijatoka nje vizuri, mtu ameshatumwa kwetu. Bibi alikuwa na jembe dogo la mpini mfupi, amelifunga kwa kipande cha kanga, na hakuna aliyeligusa. Alikwenda nalo mpaka nyumba kati ya wafiwa, akabandua sakafu, akachimba ufuo, yaani shimo refu jembamba chini ya kitanda cha kuoshea. Maji ya maiti yanaingia mle na ardhi inayanywa. Hayatoki nje, hayakanyagwi, hayaendi mtaroni pamoja na uchafu wa watu. Baadaye udongo unarudishwa, chokaa inapakwa juu, na nyumba inakaa na watu wake. Bibi alizijua nyumba za Mkomani kwa udongo wake. Tukipita kichochoroni alikuwa akiniambia, nyumba hii mtanga mtupu, wafukua mara moja; ile ina mawe, ilinitoa jasho nilipomwosha mama yao. Mimi nilikuwa nikiona haya. Wasichana wenzangu bibi zao walisuka mikeka na kupika halua.

Kazi nilipata mtaa wa pili, Langoni, kwa Bwana Mwangi, mtu wa bara, mfanyabiashara mcheshi mwenye tumbo la mbele, aliyekuwa amefungua duka la vifaa vya ujenzi. Wageni walikuwa wanazinunua nyumba kuukuu na kuzitengeneza, na Bwana Mwangi akawa wakala wa kiwanda kimoja cha vigae cha Ulaya. Vigae vilifika Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa lori, vikavuka kwa boti, vikapanda vichochoro juu ya punda, masanduku mawili kila punda, na punda wenyewe wakilalamika. Mimi nilikuwa najua Kiingereza. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukisoma kitabu cha kiwanda. Nilikipenda kitabu kile kuliko vyote nilivyosomeshwa shule. Ukurasa wa mbele palikuwa na picha ya zamani ya wanaume wenye masharubu wamesimama mbele ya tanuri, na maelezo kwamba kiwanda ni cha ukoo mmoja, baba kwa mwana kwa mjukuu, wanachoma udongo uleule wa milima yao. Kisha yakaja maelezo ya vigae vyao vya kauri ngumu: udongo unasagwa mpaka unakuwa vumbi, unakandamizwa, unachomwa kwa moto usio na mfano, mpaka unafunga kabisa. Havikwaruziki. Havipauki rangi. Na hili liliandikwa kwa herufi nene: havinywi maji. Nilisema moyoni, hawa ndio watu. Wamekaa kizazi baada ya kizazi wakitafuta sakafu isiyokunywa maji, wakaipata.

"Zuhura, wewe ndio unajua kuongea na hawa mama," aliniambia Bwana Mwangi. "Mimi nikibisha hodi tu, wanajifunika mpaka macho. Wewe ingia ndani. Waonyeshe." Nikaingia. Nilikuwa na kigae kimoja kwenye mkoba, rangi ya krimu, kizito, na birika la kahawa. Nilikaa na mama wa nyumba, nikanywa naye, nikamsifia watoto, halafu nikamwaga kahawa kidogo kwenye sakafu yake ya chokaa. Lo! Mtu alishtuka, lakini hakuwahi. Kahawa imeshapotea, imebaki doa. Kisha nikamwaga juu ya kigae. Kahawa ikasimama pale, mviringo, inang'aa. Nikaifuta kwa ncha ya buibui langu. Hakuna kitu. "Mwanamke wee!" walikuwa wakisema. Nilikuwa hodari, sijisifu, nasema lililokuwa. Msana mmoja baada ya mwingine, jiko baada ya jiko, na walipokuwa na vigae vya kutosha nikawashauri wamalizie na nyumba kati, kwani ukiacha chumba kimoja ndicho kitakachotoa vumbi. Fundi wetu alikuwa Shee, kijana wa Kizingitini, mpole, mwembamba, aliyejifunzia kazi kwenye hoteli. Alikuwa akipiga kila kigae kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikilia kama mtungi mtupu alikibandua, akaanza upya. Hakuacha hewa chini ya kigae hata kimoja. Nilikuwa nikimwambia, wewe utachelewa na peponi.

Mambo yalianza kukutana kwenye sinia ya chakula. Bibi alipika mkate wa mofa na samaki wa kupaka siku za kazi, kwa sababu alisema kuosha kunaleta njaa, na tukila alikuwa akisimulia siku yake kama mtu yeyote. Siku moja alikuwa akimega mkate na kuuacha. Mwishoni akasema, "Leo nimemuosha Bi Maryamu yuu ya beseni." Nikauliza kwa nini. "Kuna taili. Nimepiga jembe, jembe limeruka." Alinionyesha mkono, kiganja kimevimba. Beseni chini ya kitanda, wasichana wakikinga na kumwaga, kukinga na kumwaga, wapi, hakutaka kusema. Mimi nilijua nyumba ile. Niliiuza mwenyewe. Nikamwambia, "Bibi, dunia inakwenda mbele, si kila mtu anataka kuchimbiwa nyumba yake." Aliniangalia kwa upole, akanisogezea kipande kizuri cha samaki. Baada ya hapo ilitokea tena, na tena. Tulikuwa tunaingia nyumba zilezile, mimi natangulia, yeye anafuata.

Mji uliona kabla yangu. Kwenye hitima moja, nimeketi nyuma ya mlango nasafisha vikombe, nilimsikia jirani yetu Bi Amina akiwaambia wenzake, "Bi Rukia kafuga mwiba kwake. Yeye afukua, mjukuu aziba. Na jioni sinia yao moja." Wakacheka, vile wanawake wanavyocheka hitimani, mdomo umefunikwa. Nilitoka na vikombe vyangu, nikampa Bi Amina chai, nikamwambia nimeona nyumba yake ina vumbi, akitaka nitamletea mfano. Wenziwe wakazidi kucheka. Nilidhani nimeshinda.

Bibi hakuwahi kunikataza kazi. Aliniomba jambo moja tu, mchana mmoja ametoka kuswali adhuhuri, bado yuko juu ya mswala. "Zuhura, mwanangu, weka taili zako nyumba hii hata yuu ya kuta ukitaka, ni nyumba yako. Nyumba kati niatia. Nimeosha wake wa mji huu, mai yao yamengia tini ya nyumba zao. Mwosha huoshwa. Na mimi yangu nataka yangie tini ya hii." Nikamwambia sawa. "Sema wallahi." Nikasema wallahi. Nilisema hivyo nikiwa nachana nywele, sikumgeukia hata uso.

Mwaka ukielekea kwisha, Bwana Mwangi alinipa zawadi. Masanduku yaliyobaki, rangi ya krimu ileile, na siku za Fundi Shee za kuyaweka. Alifurahi kunipa kuliko nilivyofurahi kupewa. Alikuwa mtu mzuri, na sitamtwika langu. Bibi alikuwa amekwenda Siyu kumuuguza dada yake. Nilisema, nitamshtukizia. Tena wateja walikuwa wameshaanza kunitania, mganga hajigangi, wewe watuwekea sisi taili na kwako wakanyaga chokaa. Basi tukaanza uani. Mti wa asumini tukaung'oa, uliharibu mstari. Tukaja msana, tukaja chumba cha kulala. Nyumba ikawa na mwanga ambao haikuwahi kuwa nao. Jua lilipiga uani likaingia mpaka ndani. Na kule nyuma, kwenye mlango wa nyumba kati, vigae vikakoma, ikaanza sakafu ya kijivu yenye viraka, kama pengo kwenye meno mazuri. Nilipita pale siku mbili. Siku ya tatu nikahesabu masanduku. Yalitosha.

"Hapa hapaguswi, Bi Zuhura," alisema Shee. Alikuwa amepiga magoti mlangoni, pima maji mkononi. "Hata kwetu Kizingitini twajua."

"Bibi ameridhia."

"Ameridhia kwa kinywa chake?"

"Kwani mimi mwongo, Shee?"

Aliinamisha macho, maana hakuwa kijana wa kumwambia mwanamke wewe mwongo. "Basi kama amesema yeye." Akauliza habari ya udongo, kwa sababu mahali pale palikuwa laini, pamechimbwa mara nyingi, vigae vingetitia. Nikamwambia amwage zege na waya ndani yake. Akauliza maji ya deki yaelekee wapi. Nikamwambia yaelekee mlangoni, yatoke msana, ili nikipiga deki nisihangaike kuyafuata ndani gizani. Alifanya kama nilivyosema, na alifanya vizuri. Alipomaliza alipiga kila kigae kwa kifundo cha kidole, na hakuna hata kimoja kilicholia.

Bibi alirudi siku ya Ijumaa. Alivua viatu mlangoni, akaingia polepole, akisema mashaallah, mashaallah, kwa adabu ya mtu anayeonyeshwa kitu na mtoto. Nilimfuata kila chumba nikiongea. Alifika nyumba kati. Akaenda kwenye mtungi, akateka maji kwa kata, akayamwaga chini. Tukayatazama wote wawili. Yalikaa kidogo, halafu yakaanza kutembea, taratibu, kuelekea miguuni kwetu. "Hazinwi mai," alisema Bibi. Nikaanza kueleza: masanduku yalitosha, Bibi, na ile rangi, na vumbi. Alirudisha kata juu ya mtungi, akatoka akaketi msana. Hakugomba, hakulia, hakuniuliza kwa nini wala ni nani aliyefanya. Laiti angenipiga kofi! Ningekuwa na kitu cha kumlaumu nacho. Jioni alipika kama kawaida, tukala kwenye sinia moja, na aliponisogezea kipande cha samaki nilikirudisha upande wake.

Hakukaa sana baada ya hapo. Sisemi vigae vilimuua. Alikuwa mzee, kifua kilimsumbua tangu zamani. Lakini mtu anayetaka kufia nyumbani kwake na kuoshewa hapo ana neno la kumtuliza, na lile neno nilikuwa nimemnyang'anya. Alipolazwa kitandani asiinuke tena, alinishika mkono asubuhi moja, akasema, "Mwite Shee. Abandue." Nilikimbia mpaka Langoni bila buibui. Shee alikuja na nyundo na patasi, akaingia nyumba kati, akaanza. Mlio ule sitausahau mpaka nife. Kitabu hakikusema uongo hata neno moja. Patasi iliteleza juu ya kigae, ikatoa cheche. Kikipasuka kinapasuka kipande cha ukubwa wa ukucha, kwa sababu chini yake hapakuwa na hewa, na chini ya gundi kulikuwa na zege, na ndani ya zege waya. Kila kilichotakiwa kuwa kigumu kilikuwa kigumu. Bibi yuko chumba cha pili, ukuta mmoja kati yao, na kila nyundo ikipigwa kope zake zinaruka. Jua lilipopanda, Shee alikuwa ametoboa mahali pa ukubwa wa sahani, hajaona udongo. Bibi akamwita. Akaja akasimama mlangoni, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. "Wata, mwanangu," alimwambia. "Imetosha. Nalimwambia asiguse, hakusikia. Niatani nife kwa utulivu." Shee aligeuka akaniangalia. Sikuwahi kuangaliwa vile kabla wala baadaye. Akatoka uani, akaketi na nyundo yake mapajani. Bibi alikufa kabla ya adhana ya adhuhuri.

Waliomuosha ni wanawake aliowafundisha yeye mwenyewe. Waliweka mabeseni chini ya kitanda, lakini mwosha wao alikuwa amelala pale juu, hakuna aliyekuwa na mkono wake, na maji yakawapita. Mimi nilikuwa msana na wafiwa, na nilisikia maji kabla sijayaona. Yalitoka chini ya mlango wa nyumba kati, membamba, yana harufu ya karafuu maiti na mkunazi, yakafuata mteremko niliouagiza kwa mdomo wangu, sawasawa kabisa, yakaja katikati ya msana. Mwanamke mmoja akasema astaghfirullah, akainua miguu. Wa pili akakusanya buibui lake magotini. Wakainuka mmoja mmoja, wakajibanza ukutani, wamekusanya nguo zao, na maji ya Bibi yakapita mbele yao. Nilijitupa chini. Niliyazuia kwa mikono, kwa mtandio wangu, kwa kanga za watu, nikiyakamua ndoo moja, ndoo ya pili, nikilia kama mwehu. Ndoo zilipojaa nikasimama nazo. Chooni hayaendi. Mtaroni hayaendi. Nikatoka uani, nikatazama pale palipokuwa na asumini. Krimu tupu, inang'aa juani. Nyumba nzima, kutoka mlango wa nje mpaka nyuma, haikuwa na udongo wa kutosha kujaza kiganja.

Shee aliinuka pale alipoketi, akanipokea ndoo moja. Tukatoka kichochoroni. Bi Amina alikuwa kwenye mlango wake, miguu imemvimba, hakuweza kuja kukaa matanga. Aliziangalia ndoo, akafahamu mara moja. Hakucheka safari hii. "Ingizani," alisema. Nyumba yake haikuwa na kigae hata kimoja. Aliongoza mpaka nyumba kati yake, akishika kuta, akaketi chini kwa shida, akachimba mwenyewe kwa kifuu na kisu, pumzi zikimtoka, na mtanga ukatoka mweusi, laini, kwa wepesi. Nikamwaga ndoo yangu. Ardhi ikayanywa mara moja, kama iliyokuwa ikiyangoja.

"Masikini Rukia," alisema Bi Amina. "Maisha yake yote. Na kwake mwenyewe." Akafuta mikono kwa kanga, akaniinulia macho. "Alinambia mara ngapi kwamba pale mahali hapaguswi! Ni nani aliyepaziba, Zuhura?"

Shee alikuwa nyuma yangu, nilisikia pumzi zake, ndoo bado iko mkononi.

"Fundi," nilisema. "Nilimwambia asiguse. Hakusikia."

Bi Amina akamtazama, akasonya. Shee alipiga magoti, akaimwaga ndoo yake polepole asimwage nje ya shimo hata tone, akaufukia udongo kwa mikono, akatoka.